Ndege wa Tano

Katika Injili ya Mathayo, Yesu anataja bei ya shomoro sokoni: wawili kwa senti moja. Katika Injili ya Luka anaitaja tena, ila hesabu imebadilika: watano kwa senti mbili. Aliyewahi kununua nyanya za fungu katika soko la Kongowea, Mombasa, anajua kilichotokea. Ukichukua mafungu mawili, mama muuzaji anakutilia moja ya juu. Shomoro wa tano ndiye huyo wa juu. Hana bei. Ametiwa tu ili mteja aende zake ameridhika. Na Yesu anasema hata huyo, ambaye muuzaji hamhesabu wala mnunuzi hamdai, Mungu anamkumbuka.

Nimeisikia sehemu hiyo ikihubiriwa tangu utotoni, na karibu kila mara mhubiri humpita shomoro mbio ili amfikie binadamu. Binadamu ana thamani zaidi, basi asiogope. Ni kweli, na ni neno la faraja. Lakini faraja hiyo imesimama juu ya ndege. Kama Mungu hamjali shomoro, hoja yote inaanguka. Ndivyo ilivyo pia katika mahubiri ya mlimani: Yesu anapowakataza wanafunzi kusumbukia chakula na mavazi, papo hapo anawaamuru wawatazame ndege. Tumeshika lile la kutosumbuka, tukaliacha la kutazama. Ni Wakristo wangapi wa Pwani hii wanaoweza kutaja ndege kumi wa kijijini kwao na kuwatofautisha?

Nataka kuitetea kamera. Ninaposema kwamba kupiga picha ndege na wanyama wa kwetu ni tendo la imani, sipambi maneno. Naiona kuwa njia mojawapo ya kutii amri ile ya kutazama, na kwa wengi wetu, tunaoinamia simu kuliko tunavyoinua macho mitini, huenda ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuanzia.

Twende Mida, ile hori ya bahari iliyoingia nchi kavu kati ya Watamu na Gede, ikazungukwa na mikoko. Maji yakitoka, matope na mchanga hubaki wazi mpaka mbali, na ndege huonekana vidoa tu. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, huwasukuma ndege kidogo kidogo hadi karibu na ufuo, penye daraja la mbao la kuning'inia lililopitishwa mikokoni na kibanda cha kutazamia ndege. Mpiga picha anayetaka kufanikiwa humuuliza mvuvi saa za maji kabla ya kuondoka nyumbani. Akija maji yakiwa yametoka, hakuna lenzi ya kumsaidia.

Pale utamwona ndege mkubwa kiasi, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu na buluu, mdomo mweusi mnene uliochongoka. Wanasayansi humwita Dromas ardeola. Mimi humwita mla-kaa, kwani ndiyo kazi yake. Anatembea hatua chache, anasimama tuli, kisha anakimbia ghafla na kuinama. Amemnasa kaa. Anamtikisa, anambwaga, anamwokota tena mpaka miguu ing'oke, ndipo anammeza. Pembeni yake mara nyingi yupo mwingine wa rangi iliyofifia, mgongo wa kijivu, amejikunyata akilia kwa sauti ya kuomba. Huyo ni mtoto. Alizaliwa mbali, huko kwenye fukwe na visiwa vya Oman, Ghuba au Somalia, ndani ya shimo lililochimbwa mchangani. Katika jamii yote ya ndege hawa wa ufuoni, mla-kaa ndiye pekee anayetaga kwenye shimo alilolichimba mwenyewe, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Yai lenyewe kwa kawaida ni moja, jeupe. Kisha wanakuja kwetu, na mtoto ambaye ameshavuka bahari kwa mabawa yake mwenyewe bado analishwa kaa kwa miezi kadhaa.

Haya huyaoni kwa kupita. Zipange picha ulizopiga kwa mfululizo, uzitazame moja baada ya nyingine: katika ya kwanza kaa yumo mdomoni mwa mzazi, katika ya pili midomo miwili imemshika kaa mmoja, katika ya tatu mzazi amegeuza kichwa upande, na mtoto anameza. Kati ya picha ya kwanza na ya tatu hazikupita hata sekunde mbili. Kwa jicho tupu ungesema ndege wawili wamegombana.

Kamera inakulazimisha kukaa, na kwangu hiyo ndiyo faida yake ya kwanza katika mambo ya imani. Sala zetu nyingi zimejaa sauti zetu wenyewe. Tunaomba, tunashukuru, tunakemea, tunaimba, na spika ziko juu. Mle kibandani Mida huwezi kusema chochote, maana ndege wataruka. Ayubu alipomtaka Mungu ajieleze kuhusu mateso yake, hakupewa maelezo. Alionyeshwa wanyama: mbuzi wa milimani wanaozaa bila mkunga, punda-mwitu asiyekubali kufungwa, mbuni anayeacha mayai yake mchangani, mwewe, tai na makinda yake yanayofyonza damu. Mungu alimjibu mtu aliyefiwa na watoto wote kwa kumwambia atazame. Nimesoma sura hizo mara nyingi nikiwa na majonzi yangu, na nimekuja kuamini kwamba ndani yake mna huruma kubwa kuliko inavyoonekana kwa msomaji wa haraka.

Aliyelishika jambo hili kwa muda mrefu na kwa upendo mkubwa ni John Stott, mchungaji wa Kianglikana wa kanisa la All Souls, Langham Place, jijini London, aliyezaliwa 1921 na kufariki 2011. Wachungaji wetu wanamjua kwa vitabu vyake vya mafundisho. Wachache wanajua kwamba alisafiri kuhubiri huku na huku duniani akiwa na darubini na kamera mkobani. Mwaka 1999 alitoa kitabu kiitwacho The Birds Our Teachers, chenye picha alizozipiga mwenyewe, ambamo bundi, korongo, kunguru na shomoro kila mmoja anafundisha jambo la imani. Nakiheshimu sana kitabu hicho. Mahali pamoja tu naachana naye: kwake ndege hufika upesi mno kwenye somo. Yule mla-kaa wa Mida si mfano wa malezi bora. Ni mla-kaa. Ilimpendeza Mungu awepo hivyo alivyo miaka mingi kabla hajatokea mhubiri wa kumtumia, na picha nzuri humwacha awe yeye.

Mwanglikana mwingine, Peter Harris, pamoja na mkewe Miranda, walihamia Ureno mwaka 1983 wakaanzisha kituo cha kuchunguza ndege huko Alvor kwa jina la Kristo. Kazi hiyo ikawa shirika la A Rocha, lililoingia Kenya mwaka 1999, na kituo chake cha Mwamba kiko Watamu, ng'ambo tu ya Mida. Hapo watu husoma Biblia asubuhi, kisha huenda kuhesabu ndege, kuwavisha pete miguuni ili safari zao zijulikane, na kupima hali ya matumbawe. Tangu 2001 shirika hilo linaendesha mpango wa ASSETS wa kuwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na Msitu wa Arabuko-Sokoke na Mida, na sehemu ya fedha hutoka kwa wageni wanaolipa kiingilio cha daraja lile. Mgeni ameona picha ya ndege akiwa kwao, amekuja, amelipa, na mtoto wa mkata mikoko amekaa darasani. Sijui mahubiri ya uumbaji yaliyo wazi kuliko hayo.

Hata hivyo sipendi tumpende ndege kwa sababu ya watalii. Mwaka 2020, wakati wa korona, watalii walitoweka Watamu, na ndege wakabaki. Kama thamani ya kiumbe ni kiingilio cha mgeni, basi mwaka ule kiumbe hicho hakikuwa na thamani, na aliyekikata au kukitega hakufanya kosa. Shomoro wa tano hakuwa na bei, na bado alikuwa na Mungu.

Sasa niingie msituni, maana huko ndiko imani yetu inakojaribiwa.

Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio msitu mkubwa wa asili wa mwambao uliobaki Afrika Mashariki. Upande wa magharibi udongo ni mwekundu, na miti mifupi ya Cynometra imesongamana na kuwa vichaka ambavyo mtu hupenya kwa shida. Humo anaishi bundi mdogo, wa sentimita kama 16, anayeweza kukaa kiganjani. Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Baadaye akapatikana pia Usambara Mashariki, nchini Tanzania. Zaidi ya misitu michache ya Kenya na Tanzania hana kwao kwingine duniani. Wengine ni wa kijivu, wengine wa kahawia, wengine wa rangi ya kutu.

Mchana bundi hao hulala wawili wawili. Waongozaji wa msitu, ambao wanaijua minong'ono yake kuliko watu wote, hutangulia kichakani peke yao, na wakirudi hukuonyesha kwa kidole bila kusema. Unainama, unatafuta, huoni kitu. Kisha unachokidhani kipande cha gome kinakuwa bega, bega linakuwa mabega mawili, na unagundua umewatazama muda wote. Wamebanana tawini usawa wa uso wako, dume na jike, macho wameyafumba. Mwanga ni hafifu, na kumulika kwa taa ya kamera ni kuwadhulumu, kwa hiyo unaegemeza kamera, unazuia pumzi, unabonyeza taratibu. Mmoja hufumbua jicho moja kidogo, la manjano, analifumba tena. Picha yake haina ajabu yoyote. Ni ndege wawili wamelala.

Picha hiyo nimeionyesha kwa watu wengi wa kanisani, na mama mmoja mtu mzima aliniambia kabla hata sijaifungua vizuri, "Mwanangu, hiyo usinionyeshe." Nilimwambia, "Mama, ni bundi wa msitu wetu tu." Akachukua simu, akaivuta mbali na macho jinsi wazee wanavyofanya, akaitazama kwa muda. "Kumbe ni kadogo hivi," akasema. "Na wamekaa wawili." Akairudisha.

Kila Mpwani anaelewa kwa nini hakutaka kuiona. Bundi akilia juu ya paa, watu huanza kuhesabu wagonjwa. Ndege huyu huhusishwa na uchawi, na wapo wanaomrushia mawe, wanaomfukuza kwa moto, wanaoharibu kiota chake. Miongoni mwao wamo waliobatizwa na kupata kipaimara, wanaokiri kila Jumapili kwamba Mungu ndiye muumba wa mbingu na nchi. Sisemi hivyo kuwacheka. Hofu ni kitu kizito, na mtu aliyezika watoto ana haki ya kuitafuta sababu. Nasema kanisa limewaacha peke yao na hofu hiyo. Tunakemea mapepo kwa sauti kubwa, ila ni mara ngapi mchungaji amesimama akasema kwamba bundi ni kazi ya mikono ya Mungu, kwamba kilio chake ni cha kumwita mwenzake, kwamba usiku anakula panya na wadudu? Mama yule hakuhubiriwa chochote na mimi. Aliona tu viumbe wawili wadogo wamelala bega kwa bega, na kwa dakika ile hofu haikupata pa kushika.

Lipo jambo jingine, na linaniuma. Wamishonari walijenga kituo Rabai mwaka 1846, na ni hapo ambapo historia ya Ukristo wa Kenya ya leo huanzia kusimuliwa. Rabai ni nchi ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda. Wazee wa Mijikenda walizilinda kaya zao kwa miiko: usikate, usichome, usiingie bila ruhusa, usibebe hata ukuni. Kwa miiko hiyo misitu midogo mingi imesalia, na mwaka 2008 UNESCO iliziandika baadhi ya kaya kuwa Urithi wa Dunia. Sisi Wakristo tulifundishwa kuziogopa au kuzidharau. Sitaki turudi kwenye matambiko, najua ninayemwabudu. Lakini lazima tujiulize imekuwaje wazee wasiokuwa na Zaburi ya 104 walinde mti, na sisi tunaoiimba tufyeke mpaka ukuta wa kanisa. Ukisimama nje ya kaya yoyote, mpaka wa imani hizo mbili unauona kwa macho: ndani mivuli, nje vumbi. Piga picha hapo. Nimepiga, na siwezi kuionyesha kanisani bila mtu kushusha pumzi.

Kaskazini-magharibi ya Malindi kuna misitu ya Dakatcha, yenye miti ya mirihi na udongo usio na rutuba nyingi. Yupo kwera mmoja, wa manjano na mweusi, anayejulikana kwa jina la Clarke, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1913. Haishi popote ila kaunti ya Kilifi. Alionekana Arabuko-Sokoke akipita kwa makundi juu ya mirihi, kisha akapotea kwa miezi, na hakuna mtaalamu aliyejua anataga wapi. Viota vyake vilipatikana mwaka 2013, miaka 100 baadaye, kwenye bwawa la msimu huko Dakatcha. Karne nzima kwera hawa walisuka viota, wakalea, wakaruka, na hakuna aliyeandika. Nikifikiria hilo nasikia furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri: kwamba sehemu kubwa ya sifa anazopata Mungu hapa duniani hazina shahidi wa kibinadamu, na hazimhitaji.

Leo Dakatcha inakatwa kwa ajili ya makaa na mashamba ya mananasi. Anayechoma makaa si adui. Ana karo ya kulipa na mvua iliyokataa kunyesha. A Rocha na wengine wamenunua baadhi ya ardhi huko ili isikatwe, na hiyo ni kazi njema, ila haitatosha kama makanisa ya vijiji vyenyewe hayatalibeba jambo hili kama lao. Na huwezi kulibeba jambo la kiumbe ambaye hujawahi kumwona sura. Hapo ndipo picha inapokuwa na kazi ambayo takwimu haziwezi.

Wapo watakaosema kamera ni anasa ya wazungu wenye lenzi ndefu kama mkono. Lenzi hizo ni ghali, kweli. Lakini nimewaona vijana wakiegemeza simu ya kawaida kwenye kioo cha darubini na kupata picha za kutosha kumtambua ndege. Na kwa kinyonga, chura, kipepeo au mjusi simu tupu inatosha. Magofuni Gede, ukikaa kimya chini ya mti asubuhi, sange mwenye kiuno cha dhahabu hupita hatua chache kutoka ulipo akipekua majani makavu kwa pua yake ndefu, na huyo ni mnyama ambaye dunia nzima inamjua kwa kipande hiki kidogo tu cha nchi.

Wengine wana hofu ya kiroho: je, huku si kukipenda kiumbe badala ya Muumba? Onyo hilo la Mtume Paulo kwa Warumi ni la kweli na silipuuzi. Ila miaka ninayobeba kamera sijawahi kumwona mtu akimsujudia mla-kaa. Nimewaona wengi wakijisujudia wenyewe. Hatari iko upande wa nyuma wa kamera, kwa anayehesabu waliopenda picha yake mtandaoni kuliko anavyomhesabia ndege siku za kutaga.

Na hapa nitakuwa mkali. Kuna picha zinazopatikana kwa mateso. Mtu anacheza sauti ya ndege kwa spika mara kwa mara msituni. Dume anaacha jike na makinda, anakuja kupigana na adui asiyekuwepo, anachoka, na mpiga picha anaondoka ameridhika. Mtu anapunguza majani yanayoziba kiota ili aone makinda vizuri, na jioni kunguru nao wanayaona vizuri. Mtu anammulika bundi usoni usiku, halafu bundi anapaa akiwa haoni. Mtu anaweka mtandaoni mahali hasa alipo ndege adimu, na wiki inayofuata msitu mzima umekanyagwa. Mwingine anapiga picha ndege wa kizimbani na kuandika kwamba ni wa porini, na Mkristo anapaswa kukumbuka ipo amri ya kutoshuhudia uongo. Picha iliyomgharimu kiumbe makinda yake haimsifu aliyemwumba, hata ukiiandikia Zaburi chini yake. Afadhali urudi nyumbani bila kitu.

Imani ya kweli pia haikwepi yasiyopendeza. Napiga picha korongo anayepekua jalala, kipara chake na mfuko wake wa shingoni. Napiga mwewe na kifaranga cha mtu kuchani. Zaburi ya 104 haikuficha damu: simba wananguruma wakimwomba Mungu mawindo, na mawindo hayo yalikuwa na mama.

Kunguru wa Uhindi ndiye anayenisumbua akili. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asafishe taka, akaenea Dar es Salaam, Mombasa, Malindi, na sasa anakula mayai na makinda ya ndege wa asili kila mahali anapofika. Nampiga picha pia, na kwa karibu ni ndege mzuri, mwenye mng'ao wa zambarau mbawani na jicho lenye akili. Naunga mkono juhudi za kumpunguza, kwa sababu chozi, kwera na shore hawana mtetezi mwingine. Lakini siwezi kumchukia. Hakujileta. Alibebwa na watu waliotaka ndege awafanyie kazi ambayo walipaswa kuifanya wenyewe, na takataka zetu ndizo zinazomlisha mpaka leo. Tunapomwua tunapaswa kuungama, na sijawahi kusikia ungamo hilo likisomwa katika ibada.

Ombi langu kwa makanisa ya Pwani ni dogo. Ingia ofisi nyingi za parokia na ushirika ukatazame kalenda ukutani: njiwa mweupe, milima ya theluji, kondoo kwenye majani mabichi ya Ulaya, kijito chenye mawe ya baridi. Watoto wetu wanakua wakidhani uumbaji uko mahali pengine, na hapa tumepewa vumbi na mbu. Kalenda ya mwakani ichapishwe na picha za hapa. Mla-kaa na mwanawe. Bundi wawili. Sange wa Gede. Kwera wa Dakatcha. Hondohondo juu ya mbuyu. Yangeyange mgongoni mwa ng'ombe wa mshirika. Chini ya kila picha liandikwe jina kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, Kiduruma au Kipokomo, kama wazee wa kanisa watakavyolitaja, kwani wao ndio wanaoyajua na hakuna anayewauliza. Vijana wapewe kazi ya kupiga picha hizo, na kumbukumbu zao zipelekwe pia kwenye Kenya Bird Map, ambako wataalamu huzitumia kujua ndege gani anapungua na wapi.

Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri tayari wanayo Majira ya Uumbaji, kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 4, sikukuu ya Fransisko wa Assisi, na waraka wa Papa Fransisko wa 2015, Laudato Si', upo kwa Kiswahili vilevile. Mahali pengi majira hayo hupita kwa sala moja na miche michache inayokauka kabla ya Krismasi. Yanaweza kubeba zaidi ya hapo. Vitwitwi waliozaa kaskazini ya mbali huko Siberia huanza kushuka Mida mwezi Agosti, wengine wakiwa bado na manyoya mekundu ya msimu wa kuzaa, wamekonda kwa safari. Kundi la vijana wa kanisa lolote la Gede, Watamu au Malindi linaweza kuwa kibandani Jumamosi alfajiri, maji yakijaa, na Jumapili baada ya matangazo likawaonyesha washirika ndege liliowaona.